Nilikwenda kutibiwa mafua ya chakula kwa Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, hapa hapa Malindi

Nianze na pesa, maana ndilo swali nililoulizwa na kila aliyeniona nikipanda ile ngazi ya kliniki. Kumuona daktari ni shilingi 1,500, na anakaa nawe karibu saa nzima. Dawa za mwezi zilinitoka shilingi 4,000 na kitu, mafuta ya pua mbali. Ile 1,500 ningeitoa tena leo bila kuuliza. Hizo 4,000 ndizo nina maneno nazo.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi. Ukiona masufuria makubwa yamepangwa uani pale Shela yetu ya Malindi (si ile ya Lamu), huenda ni yangu. Na kwa miaka sasa pua ndiyo imekuwa mkosi wa kazi yangu. Nikila vitu fulani, au hata nikivipika tu, pua inafunguka maji, chafya zinafuatana, macho yanawasha, koo linakwaruza. Homa hakuna, mwili hauumi. Kesho yake asubuhi mzima kabisa. Watu wakaniona ni mtu wa mafua, na mtu wa mafua hapewi mwiko: hakuna mama wa bibi harusi anayetaka kumuona mpishi akipenga kamasi karibu na sufuria ya biriani.

Hospitali nilitangulia. Nilipimwa damu Mombasa, majibu yakaja: mzio wa kamba, na wa wale wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani. Si ajabu viwili hivyo kukutana kwa mtu mmoja, kwa kuwa protini ya kamba iitwayo tropomayosini inafanana sana na ile iliyo katika wadudu wa vumbi, na hata katika mende. Nikapewa cetirizine, dawa ya kutuliza mzio, kidonge cha miligramu 10 usiku, na nikaambiwa niache kamba. Kidonge kinasaidia, siwezi kukisingizia. Lakini pua iliendelea hata siku ambazo sijatia kamba mdomoni, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa nami kuchambua ni kwa nini. Ndipo jirani akanitajia daktari wa Ayurveda.

Jina la kliniki silitaji, kwa kuwa nitasifu na nitalaumu, na mji wetu ni mdogo. Ni ghorofani, nyuma ya Barabara ya Lamu, juu ya duka la vitambaa. Chumba cha kungojea kina viti vichache, feni moja inayofanya kazi, na harufu ya mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto. Mimi harufu hiyo naipenda, ila mwenye mzio wa ufuta ajue kabla hajapanda. Daktari ni mama wa makamo, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake ni cha Mombasa hasa, hata matusi madogo ya mapenzi anayajua. Alisomea Kerala, India, upande ule ule wa Kalikuti ambako Vasco da Gama alifikishwa mwaka 1498 na rubani aliyempata hapa kwetu. Da Gama alikwenda akapata pilipili, sisi tukabakishiwa nguzo yake. Shahada imetundikwa ukutani: BAMS, yaani ya udaktari wa Ayurveda, ambayo India husomewa miaka minne na nusu na mwaka mmoja wa mazoezi juu yake. Itafuteni shahada hiyo popote mtakapokwenda. Siku hizi kila mwenye chupa ya mafuta na picha ya majani anajiita mtaalamu wa Ayurveda, hasa huku kwenye mahoteli ya watalii, ambako Ayurveda imekuwa ni kukandwa mgongo na kulipa kwa yuro.

Alinishika mkono kwa vidole vitatu, akanyamaza muda, kisha akautazama ulimi. Halafu yakaanza maswali, na hapo ndipo nilipoona thamani ya pesa yangu. Choo napata saa ngapi. Usiku nalala saa ngapi na nimekula nini kabla. Kamasi ni maji au nzito, nyeupe au ina rangi. Nikianza kupiga chafya, pua inawasha au haiwashi? Hili la kuwasha alilirudia, na kila chakula nilichokitaja aliniuliza tena: kikikushika, pua inawasha, au inatoa maji tu? Nilidhani amesahau nilivyomjibu. Hakuwa amesahau.

Maelezo yake kwa ufupi ni haya. Tumboni mna moto wa kusagia chakula, wao huuita agni. Moto ukififia, chakula hakiivi vizuri na kinaacha taka inayonata, iitwayo ama. Taka hiyo ikiungana na kapha, yaani ule ubaridi na umajimaji wa mwili, hupanda kichwani na kutafuta njia puani. Nilicheka, nikamwambia bibi yangu wa Lamu hakufika Kerala lakini maneno ni hayo hayo. Mtu wa balghamu kwa bibi alikatazwa madafu usiku, matango, ndizi, na maziwa yaliyopoa. Akapewa tangawizi, asali na habbasoda. Matabibu wetu walihesabu vitu vinne mwilini, damu, balghamu, safura na sauda, elimu iliyotujia kwa Waarabu nao wakiitoa kwa Wayunani. Wahindi wanahesabu vitatu: vata, pitta na kapha. Mtu wa pwani hapotei humo.

Ila nisieleweke vibaya. Hesabu hiyo ni nzuri ya kupangia chakula na mwenendo, na kwa kazi hiyo naikubali. Mzio haielezi. Mzio ni kinga ya mwili kumdhania mgeni kuwa adui: inatengeneza kingamwili, zile za IgE, dhidi ya protini fulani ya kamba, na kamba akirudi siku nyingine zinafyatua histamini, ndiyo hiyo inayowasha na kuvimbisha na kutoa maji. Sijaona tangawizi ya kuufanya mwili usahau jambo hilo. Nilimwambia hivyo daktari. Alikubali nusu, akasema, “Dada, mimi nautunza udongo, mbegu siwezi kuibadilisha.” Jibu zuri. Natamani kikaratasi chao cha matangazo kingeandikwa na mtu aliyejibu hivyo, lakini nitafika huko.

Akanipa masharti. Chai ya maziwa usiku, hapana. Mtindi baada ya jua kuzama, hapana. Ndizi mbivu pamoja na maziwa, hapana. Samaki na maziwa katika mlo mmoja, hapana kabisa. Hilo limo katika vitabu vyao vya kale, na bibi yangu naye alilikataza kwa sauti kubwa. Chakula kizito kiwe mchana, usiku wali laini uliopikwa na pojo, manjano, jira na samli kidogo. Maji ya moto yenye tangawizi kutwa. Mpishi wa shughuli hula anapopata, mara nyingi saa nne usiku akiwa wima, kwa hivyo hayo ya saa sikuyatimiza yote. Niliyoyatimiza yalinifaa: kiungulia kilipungua sana, na koo la asubuhi, ambalo nilidhani ni la mafua, likapungua nalo. Asidi ya tumbo ikipanda usiku huchokoza koo, kwa hivyo hapo sioni muujiza wowote, ila nafuu ni nafuu. Kuhusu maziwa kuzidisha kamasi sina hakika na daktari. Waliojaribu kupima hawakuona kuwa maziwa yanaongeza kamasi. Yanachofanya ni kuongeza uzito wa mate mdomoni, ukahisi kama umekabwa. Chai yangu ya maziwa ya asubuhi nimeirudisha, na pua haikusema kitu.

Sasa daftari. Hili ndilo lililofanya kazi, na halina dawa hata punje.

Aliniambia ninunue daftari la shule, kila siku niandike nilichokula, saa ngapi, na pua ikafanya nini. Hilo hata hospitali wangeweza kuniambia. Alichoongeza yeye ni hiki: andika pia ulichopika, hata kama hukukionja. Na andika kama pua iliwasha.

Baada ya majuma kadhaa tulikaa naye kulisoma, tukakuta si ugonjwa mmoja. Yalikuwa mambo matatu yamevaa kanzu moja.

La kwanza ni kamba, lakini si kamba wa kula. Siku zote zilizokuwa mbaya zaidi zilikuwa za kuchemsha kamba na kaa kwa ajili ya wengine. Mimi sikuwala, nilisimama tu juu ya sufuria. Protini zile hupanda na mvuke, zikaingia puani na machoni. Jambo hili linajulikana kwa watu wa viwanda vya samaki na kamba, ambao wengine hupata mafua na hata pumu kwa kuvuta mvuke na vumbi la kazi bila kuonja kitu. Kwa hivyo nilikuwa nimeambiwa niache kamba, nikaacha kumla, na kila Jumamosi nikawa namvuta kwa pua. Sasa kamba anachemshwa uani, kwenye upepo, na binti yangu. Mimi nakaa jikoni na wali. Badiliko hilo moja limenifaa kuliko chupa zote.

La pili ni pilipili. Supu ya pweza yenye pilipili mbichi, achari ya embe, mchuzi wa kukaanga pilipili manga nzima: pua inatoa maji kama mfereji, lakini haiwashi, chafya hakuna, macho ni machozi tu, na dakika chache baadaye kwisha. Hiyo si aleji. Ni mishipa ya fahamu ya puani inachokozwa na ukali, na humpata karibu kila mtu akila moto wa kutosha. Ndiyo maana alikuwa akiniuliza la kuwasha. Mambo haya mawili nilikuwa nikiyahesabu kuwa moja, na nilikuwa nimeanza kujinyima achari bure.

La tatu ndilo tulilogombana. Mle daftarini palikuwa na usiku mmoja ambao uso uliniwaka moto, kichwa kikagonga, pua ikaziba, moyo ukaenda mbio, na sikuwa nimekaribia kamba. Nilikuwa nimekula jodari wa kukaanga, kisha mtindi. Daktari aliposoma hivyo alitabasamu: samaki na maziwa, nilikwambia. Nikamwambia hapana, daktari, hapo simameni kidogo. Waliokula jodari yule bila mtindi nao uso uliwawaka. Sisi wapishi jambo hili tunalijua. Jodari na jamaa zake wasipowekwa barafu mapema, bakteria huigeuza histidini iliyo katika nyama yao kuwa histamini, ile ile ya mzio, na histamini hiyo haifi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, wala huwezi kuinusa kila mara. Mtu anavimba na kuwashwa kama mwenye aleji, kesho anaapa hatakula samaki tena, kumbe kosa ni la barafu. Yule jodari alinunuliwa alasiri, amekaa juani tangu dau lishushwe. Mimi jodari nakula hadi leo, ila namnunua asubuhi, macho yake yakiwa bado maangavu, na barafu nabeba mwenyewe. Daktari alinisikiliza, akaandika kitu kwenye faili langu. Kama alikubali sijui, lakini aliandika.

Tufike kwenye hizo shilingi 4,000.

Nilipewa unga wa aina mbili na mafuta ya pua. Unga wa kwanza unaitwa sitopaladi, wa kulamba na asali kwa kikohozi na mafua. Mimi kitu chochote cha unga lazima nijue kimetiwa nini, nikauliza, naye bila kuficha akanitajia na vipimo: sukari mawe sehemu 16, kile kitu cheupe kama chokaa kinachopatikana ndani ya mianzi sehemu 8, pilipili ndefu ya Kihindi sehemu 4, iliki 2, mdalasini 1. Pigeni hesabu. Sehemu 31 kwa jumla, 16 ni sukari, na bado unaambiwa ulambe na asali. Ni tamu, inalainisha koo, watoto watakugombania. Lakini mwenye kisukari asiiguse bila kumuuliza daktari wake, na kwenye kibandiko onyo hilo halikuwepo. Asali nayo mtoto asiyetimiza mwaka haipewi, iwe ya dawa au ya mkate. Nasema hivi kwa sababu mama mmoja pale kwenye viti alikuwa amempakata mtoto wa miezi na kibuyu cha dawa hiyo hiyo mkononi.

Unga wa pili ni haridra khanda, wa manjano, ambao wao huutoa hasa kwa miwasho na mafua ya aleji. Manjano tunayajua. Humo kuna pia sukari tena, samli na maziwa. Mtu mwenye mzio wa maziwa angepewa dawa ya aleji iliyopikwa kwa maziwa! Mimi maziwa hayanidhuru, lakini hakuna aliyeniuliza kabla ya kunifungia. Na mafuta ya pua, anu taila, yamepikwa kwa mafuta ya ufuta na maziwa ya mbuzi. Kwa kliniki inayojitangaza kutibu mzio wa chakula, nilitazamia orodha ya vitu hivi iwe ya kwanza kuonekana, imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Haipo. Ukiuliza utajibiwa kwa ukweli, lakini lazima uulize.

Nilifaidika na unga huo? Kidogo. Koo lilipata raha. Pua sikuona tofauti ambayo siwezi kuitolea sababu nyingine, kwa kuwa wakati ule ule niliacha mvuke wa kamba. Tangawizi kavu, pilipili manga, iliki na mdalasini ninavyo nyumbani kwa kilo, tena ni vibichi kuliko vyao, na kikombe cha chai ya viungo hivyo hakinigharimu chochote. Na wenye kumeza dawa za kifafa au dawa nyingine za kila siku wawe na hadhari na mchanganyiko wa pilipili manga na pilipili ndefu kwa wingi: piperini iliyomo inaweza kubadilisha kiasi cha dawa kinachoingia damuni.

Kuna jingine. Mara ya kwanza msaidizi alinipa unga umefungwa kwenye mfuko wa plastiki, hauna kibandiko, hauna tarehe. Niliurudisha. Siyo ubishi. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston, Marekani; 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki kwa kiasi cha kudhuru. Madini mengine huingia kwa uchafu wa viwandani, mengine hutiwa makusudi, maana kuna tawi zima la Ayurveda linalotumia madini yaliyochomwa. Daktari alipoona nimekataa alitoka mwenyewe, akamkemea yule kijana, akanitolea chupa zilizofungwa kiwandani zenye namba ya toleo na jina la mtengenezaji. Vizuri. Sasa kwa nini ile ya mfuko ipo? Hapa Kenya dawa za mitishamba nazo zinatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Daini chupa yenye maandishi, msione haya.

Kuosha pua ndicho kitu cha pili nilichobaki nacho. Unapewa kibuli kidogo chenye mdomo mrefu, unatia maji ya vuguvugu yenye chumvi, unainamisha kichwa, maji yanaingia tundu hili yanatokea tundu la pili. Mara ya kwanza unaona unazama. Ukizoea ni raha isiyo na mfano, hasa baada ya siku nzima ya moshi wa kuni na vumbi la unga. Kipimo changu ni robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Lakini maji! Msaidizi alikuwa ameyachota mferejini, nikamzuia mkono. Maji ya kuoshea pua lazima yawe yamechemshwa yakapoa, au yale ya hospitali yaliyouliwa vijidudu. Kuna amiba aitwaye Naegleria fowleri, ukimnywa hana madhara, akipita puani hupanda hadi kwenye ubongo na huua. Mwaka 2011 watu wawili Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya mfereji. Na sisi Malindi wengi maji yetu ni ya kisima na ya tangi. Chemsheni. Daktari alikubaliana nami papo hapo, na safari iliyofuata nilikuta birika la umeme pale pembeni. Hapo nampa heko.

Mafuta ya puani, matone mawili kila tundu, niliyatumia kwa muda nikaacha. Yanalainisha wakati wa kaskazi, upepo ukiwa mkavu. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Sasa lile kubwa. Kikaratasi chao kinasema “aleji ya chakula kwisha kabisa”. Na daktari, pamoja na akili zake zote, aliniambia baada ya miezi mitatu ya kusafisha tumbo nitaweza kuanza kumla kamba tena, kipande kidogo kidogo, nyumbani.

Nilikataa. Kabla ya haya yote, kwenye harusi Mambrui, nilionja mchuzi wa kamba kupima chumvi, na mbali na pua, midomo ilivimba na kifua kikaanza kupiga filimbi. Mtu aliyefika hapo hajaribu kamba sebuleni kwake. Mara iliyopita haikuambii mara ijayo itakuwaje. Inaweza kuwa nyepesi, inaweza kukuziba koo. Hospitalini majaribio ya namna hiyo hufanywa na daktari amekaa kando na sindano ya adrenalini iko tayari, kwa kuwa ndiyo dawa ya kwanza mtu akishindwa kupumua, inachomwa pajani, na haina mbadala wa unga wala wa kidonge, hata cetirizine yangu. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai hukua wakauacha. Wa kamba, samaki na karanga kwa kawaida haubanduki. Nilimwambia yote hayo kwa upole, maana ni mkubwa wangu kwa umri. Akanitazama, akasema, “Basi dada, usimle. Usalama kwanza.” Ni muungwana, hakunigombeza. Lakini mgonjwa mwingine asiyejua angekwenda nyumbani akakaanga kamba wake kwa kuwa daktari amesema, na kikaratasi kile bado kipo juu ya meza.

Kwa upande wake niseme pia kwamba hakuniambia hata siku moja niache vidonge vya hospitali. Wako waganga, wa Kihindi na wetu, ambao hilo ndilo sharti lao la kwanza.

Kwa hivyo nani aende? Mwenye pua isiyoeleweka, inayokuja na kwenda na chakula, bila uvimbe, bila kifua kubana, ambaye hajapata mtu wa kukaa naye kusikiliza: nenda, lipa 1,500, beba daftari. Nunua kibuli cha kuoshea pua, ni shilingi 600 na hakivunjiki. Unga, uliza mara mbili. Mwenye kuvimba midomo au ulimi, kutapika, kuvimba vipele mwili mzima au kukosa pumzi baada ya kula, huyo aanzie hospitali na apimwe, na ikimshika ghafla apande tuktuk ya kwanza anayoiona hadi chumba cha dharura, asipitie kwa mtu.

Wanafungua saa tatu asubuhi, wanafunga saa saba mchana kwa mapumziko hadi saa tisa, na Ijumaa mchana hawarudi. M-Pesa wanapokea. Jumatatu pamejaa, nendeni katikati ya wiki. Ngazi ni ya kukwea kwelikweli. Mzee asiyeiweza apige simu akiwa chini dukani, daktari hushuka mwenyewe na kiti chake.